Meza ya Papa Fundi

Ukiwa na mchi mzuri nyumbani, wa mti mgumu usio na ufa, hukuwa na amani mpaka Papa Fundi aupitie. Alikuwa anaingia uwanjani, anasalimia, anaulizia watoto mmoja mmoja, halafu macho yake yanatambaa mpaka kwenye kinu. "Mama, niazime muchi." Wanawake wa upande wetu huu wa ziwa, hapa Kalemie, walifikia kuficha michi yao chini ya vitanda. Si kwamba alikuwa harudishi. Alirudisha, tena siku ileile, lakini mchi una udongo kwenye ncha moja na jasho la sikio kwenye ncha nyingine, na nani anataka kutwanga majani ya sombe na jasho la sikio la mzee wa watu?

Kazi ya mchi ilikuwa hii. Papa Fundi alikuwa fundi wa mabomba makubwa ya maji, yale yanayopita chini ya ardhi toka tangi la mlimani mpaka kwetu ufukoni. Bomba likipasuka huko chini, mara nyingi huoni kitu juu. Maji yanajiendea kwenye mchanga na kurudi ziwani kimyakimya. Basi yeye anausimamisha mchi juu ya ardhi, anapiga magoti, anaegemeza mfupa wa nyuma ya sikio juu ya ncha, anafumba macho. Mtaa mzima unanyamaza. Anasogea hatua mbili, anapiga magoti tena. Mwisho anasema, "Njo hapa," yaani ndipo hapa penyewe, na wakichimba, njo hapo. Mimi nilimwona akifanya hivyo mara nyingi na sikumwona akikosea.

Na mtu huyu, nisikilize vizuri, alikuwa kiziwi.

Si kiziwi wa kutosikia kabisa. Ukimsogelea usoni na kupaza sauti aliokota maneno mawili matatu, yaliyobaki akayajaza mwenyewe kwa namna alivyopenda. Jirani mmoja alimwambia mukwe wake amelazwa, Papa Fundi akampongeza na kuuliza kama ni mutoto wa kiume. Ofisi ya maji ilimpumzisha kwa sababu hiyo, walisema fundi wa kutafuta maji asiyesikia atatafuta nini. Hakugombana nao. Aliniambia siku moja kwamba sikio ni mlango wa mbele tu, wageni wote wanapita hapo na kelele zao. Mfupa njo mlango wa nyuma, na mambo ya kweli yanapitia nyuma. Akaendelea kuazima michi, ofisi imlipe isimlipe.

Alizaliwa wapi sijui. Wengine walisema Kongolo, wengine Kiambi, wengine waliapa ni mutoto wa hapahapa wa reli. Hakuniambia, nami sikuchimba.

Ninachojua ni kwamba hakuvumilia tone. Robine inayodondosha maji ilimuumiza kama jino. Alikuwa anaweza kuingia kwa mtu bila hodi, yeye mwenye adabu zile zote, akapitiliza mpaka nyuma ya nyumba, akatoa ufunguo mfukoni, akakaza, ndipo akarudi mbele kusema jambo. Kwenye kilio cha jirani yetu mmoja tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, yeye yuko katikati ya wanaume, analia kweli, maana marehemu alikuwa rafiki yake. Mara nikamwona ananyanyuka. Akaenda kwenye robine ya uwanjani, akaikaza, akafuta mikono kwenye suruali, akarudi kwenye mkeka na kuendelea kulia pale alipoachia. Hakuna aliyecheka siku ile, lakini tumecheka miaka yote iliyofuata, hata mjane wa marehemu.

Kwake sasa. Wanasema kinyozi hajinyoi, na hapo hawakukosea. Nyumba ya Papa Fundi, kule juu mlimani, karibu kabisa na tangi lenyewe, haikuwa na bomba. Binti zake walichota maji kwa bido, yale madumu ya plastiki, kwa jirani kama watu wote wasio na bahati. Niliwahi kumuuliza haoni haya. Akanijibu akiweka bomba nyumbani atalala saa ngapi? Usiku kucha mfupa utakuwa unamwambia habari za bomba.

Alikuwa na neno moja ambalo hakulipenda, nalo ni imekwisha. Mwashi akimaliza ukuta na kusema imekwisha, Papa Fundi alimtazama kwa huruma. Feza, mpishi wangu, ambaye ana maneno mengi kuliko wali anaopika, alikuwa anamchokoza kwa makusudi: anaweka sahani ya ugali mezani na kupiga kelele usoni mwake, "Papa, bukari imekwisha!" Na yeye, bila kukosa, anajibu: "Imekwisha ni neno ya Mungu, mama. Sisi tuseme tumefanya." Hata kuosha gari hakukubali kuwe kumekwisha. Tulidhani ni dini.

*

Mimi nina nyumba ya wageni ufukoni. Vyumba tisa, jiko, na payoti, banda wazi la nyasi, mbele ambapo watu wanakula wakitazama ziwa. Wageni wangu wengi wanatoka Lubumbashi, watu wa mji mkubwa wenye kiu ya upepo. Wanakuja likizo, wanakuja arusi, wanakula mikebuka, samaki wa ziwa letu, mpaka wanaogopa kupanda ndege. Mume wangu alifariki zamani kidogo. Nilibaki na nyumba, na Feza, na ziwa.

Papa Fundi alikuja kila Jumapili baada ya misa. Kila Jumapili, mvua, jua, hata ule mwaka ziwa lilipopanda na kuingia mpaka jikoni, alikuja amekunja suruali mpaka magotini. Alikaa meza moja tu. Si ile ya ukingoni, yenye kivuli, ambayo wageni wananyang'anyana. Yeye alichukua ya katikati ya uwanja, nje ya payoti, juani, tena akakaa akiligeuzia ziwa mgongo. Anavua makubazi, anaweka nyayo zake mchangani, anaomba chai kavu na baadaye samaki, na anakaa kimya saa mbili, amefumba macho nusu. Mgeni akiwa amekaa pale kwanza, Papa Fundi alisimama pembeni kwa heshima mpaka mgeni akakosa raha na kuhama.

Mimi mjane, yeye mjane. Unafikiri watu walisema nini?

Feza ndiye aliyeanza. Alisema hesabu ni rahisi: ukikaa meza ya katikati na kuligeuzia ziwa mgongo, unachokiona ni mlango wa jiko, na mlangoni nasimama nani? Nikamwambia aache upuuzi. Halafu nitasema ukweli, na anayecheka acheke: nikaanza kuvaa kitenge kizuri siku ya Jumapili. Nikaanza kumpelekea chai mwenyewe. Alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, anasema "Aksanti, Mama," na macho yanarudi kufumba. Nikasema huyu ni mtu mpole, anakwenda polepole, haba na haba hujaza kibaba. Miaka ikapita kibaba hakijai.

Kisha nikaamua kumwaga simenti.

Ziwa lilipokuwa limerudi mahali pake, liliniachia uwanja wa mashimo na matope. Mwaka mzima sikupata wageni wa maana. Watu wa Lubumbashi walisikia Kalemie imezama na wakaenda kwingine. Halafu mama mmoja wa huko akanipigia simu. Binti yake anaolewa, bwana-arusi ni mutoto wa Kalemie, wanataka sherehe ufukoni, familia nzima, vyumba vyote tisa na vya majirani zangu pia. Aliniuliza jambo moja tu: kuna mahali pa kucheza? Nikasema kuna. Hapakuwepo. Nilikata simu nikatafuta waashi.

Papa Fundi alifika siku wanapigapiga udongo kwa chuma kizito ili sakafu ikae imara. Nilikuwa sijamwona akitembea haraka hivyo. Akaenda akasimama katikati, palepale penye meza yake, waashi wakabaki wanamzunguka.

"Mama, hapa acha mchanga," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, kwa sauti ya kutosha mtaa. Akatazama waashi, akatazama miguu yake. Akasema mchanga unapumua. Basi mimi na akili zangu nikajua: mzee ana wivu na meza yake. Nikamshika mkono, nikamwambia meza yako itabaki hapohapo Papa, juu ya simenti, hakuna atakayeigusa. Akaondoka bila chai. Waashi wakaendelea kupiga chuma chao, na Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa, akavua makubazi, akaweka nyayo juu ya simenti yangu mpya inayong'aa. Hakukaa saa mbili siku hiyo. Nilimwona anahangaika miguu, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

*

Wageni walifika siku ya Alhamisi, arusi Jumamosi. Walishuka na masanduku, kofia, redio na shangazi, na kabla hawajafungua milango ya vyumba, maji yakakatika.

Si kwangu tu. Ufuko wote, nyumba zote za wageni toka karibu na bandari mpaka kwenye mchanga mweupe, robine zilikohoa mara mbili na kunyamaza. Watu wa ofisi wakaja na mkubwa wao wa kazi, mwanaume mwenye kofia ya chuma na sauti nzuri. Alisema bomba kubwa limevunjika mahali fulani kati ya barabara na ziwa. Mahali gani, hakujua. Ramani za zamani zimepotea, mashine ya kusikiliza iko Lubumbashi na itakuja juma lijalo. Wakaanza kuchimba kando ya barabara kwa kubahatisha.

Wageni wangu, nao, ninawapenda mpaka leo. Ijumaa asubuhi waliingia ziwani na sabuni, wajomba kwa mashemeji, wakasuguana migongo na kuimba. Bibi-arusi alijitwika bido kichwani akatembea ufukoni kwa madaha, wote wanampiga picha. Mjomba mmoja mnene alikataa kuingia maji yapite magoti, anauliza kila dakika kama kiboko anasikia harufu ya sabuni. Sijawahi kuona watu wanaofurahia shida hivyo.

Lakini mama wa bibi-arusi hakuimba. Aliniita pembeni, akaongea taratibu, na yule alikuwa na haki. Alikuwa na watoto wadogo kumi na wawili kwenye msafara wake, na wazee. Maji ya ziwa kuogea sawa. Kupikia watu mia mbili? Kuosha mboga? Sote tunajua habari za kipindupindu hapa kwetu, hata watu wa Lubumbashi wanazijua. Kesho ndiyo siku ya mutoto wake. Wakwe walikuwa na ukumbi upande mwingine wa mji, kwenye kisima. Alisema mchana wa leo, saa ya bukari, kama robine haijatoa maji, au mtu hajamuonyesha kwa kidole maji yatatoka wapi, anahamisha kila kitu. Akanishika bega. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya gunia. Nilijua wakiondoka hawa, wakarudi Lubumbashi na habari ya kwamba kwa yule mama maji yalikatika siku ya kwanza, hakuna atakayekuja tena. Ziwa lilikuwa limeninyang'anya mwaka. Sasa nilikuwa naona nyumba yenyewe ikienda. Feza alinitazama pale juu ya gunia. Kisha akaenda chini ya kitanda chake, akatoa mchi wake, ule anaouficha, akasema nimwite mzee.

Papa Fundi alikuja na koti la kazi lililopauka, vifungo vyote vimefungwa. Watu wa ofisi waliposikia amekuja waliacha kuchimba, wakasogea. Wengi wao aliwafundisha yeye, na kuwagombeza yeye. Mkubwa wa kazi alimsalimia vizuri, lakini alimnong'oneza mwenzake kitu, na mwenzake akatabasamu akigusa sikio.

Nilidhani ataanzia barabarani. Hakwenda barabarani. Alipita katikati ya wageni na masufuria na maua ya plastiki, akapanda juu ya sakafu yangu, akasogeza meza yake pembeni. Akasimamisha mchi. Akapiga magoti.

Hakukaa hata muda wa Salamu Maria moja. Akainuka, akaweka kiganja juu ya simenti.

"Njo hapa."

Mkubwa wa kazi akasema, kwa adabu, kwamba bomba lingevuja hapa simenti ingelowa. Papa Fundi hakumsikia, au hakumjibu. Mama wa bibi-arusi alitazama saa. Mimi nilitazama sakafu yangu. Ilikuwa na siku ishirini tu. Niliipaka rangi nyekundu kwa ajili ya kesho. Ndiyo sababu wale watu walikuja. Ukiivunja na maji yasiwepo, huna maji na huna mahali pa kucheza. Na anayesema ivunje ni kiziwi.

Nikamsogelea usoni. "Papa, una uhakika?"

Akaniangalia. Nilikuwa nimemtumikia chai miaka mingi na sikuwahi kuona macho yake yakiwa wazi namna ile. Halafu akageuka kwa watu wa ofisi, akasema kwa sauti kubwa, ile sauti ya viziwi isiyojua kipimo, mpaka shangazi wote wakageuka.

"Hapa kuna kiungo. Nilikifunga mimi, wakati wa vita. Vipande havikupatikana. Nikafunga na mpira wa ndani ya gurudumu ya lori, na waya, kwa juma moja tu. Mukubwa wangu akaniuliza, nikamwambia imekwisha." Akaigonga simenti kwa kisigino. "Haikukwisha. Kila Jumapili nakuja kuisikiliza."

Mimi, sitaficha, nilihisi mambo mawili kwa mara moja, na moja lilikuwa aibu ya kitenge changu cha Jumapili. Lakini lile lingine lilikuwa kubwa zaidi. Mtu anaweza kukudanganya juu ya ushujaa wake. Juu ya aibu yake, mbele ya watoto aliowafundisha, hakudanganyi. Mficha uchi hazai, na mzee alikuwa amejifunua pale mbele ya wakwe wa watu.

Na kile chuma kizito cha waashi, kilichopiga udongo siku mbili juu ya mpira mkuukuu, nani alikileta? Alipokuwa anasema mchanga unapumua, nilimjibu nini? Nikawaambia leteni nyundo. Pigo la kwanza nilipiga mwenyewe, halikufanya lolote, wakanipokonya.

Wajomba wa Lubumbashi walivua mashati. Walivunja sakafu ile kwa wimbo, zamu kwa zamu, hata yule mnene wa kiboko. Chini ya simenti mchanga ulikuwa mkavu, na mkubwa wa kazi akaanza kukohoa. Wakachimba mpaka kiunoni. Kisha mchanga ukabadilika rangi, ukawa uji, na jembe la mtu likazama lenyewe. Maji yalikuwa yanatoka upande wa chini wa bomba na kukimbilia ziwani. Juu hata tone. Mama wa bibi-arusi aliinama ukingoni akatazama, kisha akanyoosha kidole chini, akawaambia wakwe zake maji yatatoka pale.

Walipolisafisha bomba tukaona kitu cheusi kimezungushwa na waya, mafundo yamepangwa mstari mmoja, safi, upande mmoja umechanika. Mkubwa wa kazi alishuka shimoni, akakigusa. Akavua kofia yake ya chuma. Akapanda, akamsogelea mzee usoni kabisa ili asikie.

"Papa, ya juma moja imeshika miaka zaidi ya makumi mawili. Yetu sisi ya miaka makumi mawili inashika juma moja."

Watu wakacheka, na mafundi wa ofisi walicheka kuliko wote. Papa Fundi alimsikia kila neno, nina hakika, maana masikio yake yalibadilika rangi. Akaomba ufunguo. Wakamwambia apumzike, wataweka wao kile kiungo kipya cha chuma. Alikuwa ameshaanza kukunja suruali.

Alikifunga mwenyewe, bolti kwa bolti, tumbo lake kwenye tope, na kazi ya kukaza hakumwachia mtu. Jua lilikuwa linashuka kuelekea upande wa mto Lukuga walipofungua maji kule mlimani. Tulingoja. Robine ya jikoni ikakohoa, ikatema kutu, ikakohoa tena, halafu ikamwaga, na Feza akapiga kigelegele ambacho naamini walikisikia Kigoma. Mzee hakutoka shimoni. Alikuwa amelaza kichwa chake juu ya bomba lenyewe, bila mchi, mfupa kwa chuma. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilishuka kumpa mkono.

"Imekwisha," akaniambia.

*

Arusi ilikuwa na tundu katikati. Tulilifukia kwa mchanga, tukausawazisha, na sakafu yangu nyekundu ikabaki na duara jeupe mahali palipokuwa na meza. Watu wenye viatu vya kisigino walikwepa hapo mwanzoni. Kisha bibi-arusi akavua viatu na kuingia duarani, akacheza mchangani peku, akamvuta mama yake, na yule mama mkavu alivua viatu vyake akaviweka kifuani kwangu nivishike, akacheza mpaka kilemba kikamwanguka. Papa Fundi alipewa kiti pamoja na wazee wa upande wa bwana-arusi. Wakati wa kukata keki nilimkosa. Alikuwa nyuma, anakaza robine ya choo cha wanaume.

Waliporudi Lubumbashi walisema kila kitu, maji kukatika, wajomba kuvunja sakafu, kiziwi aliyesikia. Nilidhani itaniharibia. Badala yake watu wanapiga simu kuuliza kama duara la mchanga bado lipo. Sijaliziba. Waashi wamekuja mara mbili kunishauri, nikawaambia mchanga unapumua.

Lakini Jumapili iliyofuata arusi Papa Fundi hakuja. Nilirudisha meza yake palepale, juu ya duara, nikatandika kitambaa. Nikavaa, ndiyo, kitenge. Jumapili ya pili hakuja. Feza hakunitania, na Feza asipokutania jua hali ni mbaya. Nikajisemea sasa umejibiwa, mama: alikuwa anakuja kwa bomba, bomba limepona, unataka aje kufanya nini? Mgonjwa akipona daktari haji. Nilicheka peke yangu pale mlangoni pa jiko, na nilihuzunika vilevile, siwezi kusema kinyume. Ilikuwa aibu kidogo kumwonea wivu bomba.

Jumapili ya nne nilikuwa natoa magamba, mikono imejaa samaki, nimevaa kile kitenge cha jikoni chenye tundu. Nikasikia hodi, yeye asiyepiga hodi. Alikuwa ameshika mchi wa Feza, ule ambao safari hii hakuurudisha siku ileile, ameuosha, ameupiga msasa ncha zote mbili mpaka unang'aa. Akampa Feza kwa mikono miwili, akamwambia yeye hana haja nao tena, autumie kwa sombe. Feza akaunusa, kisha akaingia ndani haraka.

Nikasema meza yako iko tayari, Papa. Akaitazama, ile ya katikati, na kitambaa chake, juu ya mchanga. Akapita. Hakuvua makubazi. Alikwenda mpaka ukingoni, kwenye meza yenye kivuli ambayo wageni wananyang'anyana, akakaa akilitazama ziwa. Nilimpelekea chai na mikono yangu inayonuka samaki. Mawimbi yalikuwa yanakuja mpaka karibu na miguu ya meza.

"Mama," akasema, "sikujua ziwa iko karibu hivi."

Kisha akakivuta kiti cha pili, akakifuta vumbi kwa kiganja. Nikakaa.